Jinsi ya kuwa mkaguzi huru wa apatimenti za kupangisha Marekani: soma sheria kabla ya kulipia kozi

"Nisomee kozi gani?" Karibu kila anayetaka kuingia kazi hii Marekani huanza na swali hilo, na ndiyo maana wengi hupoteza fedha mapema. Cheti kinachokupa kazi katika jimbo moja huenda kisikusaidie chochote katika jimbo la jirani. Swali la kuanza nalo ni hili: ni sheria ipi itakayonituma kwenye jengo, na sheria hiyo inamtaja nani kuwa mkaguzi? Ukishalijibu, kozi itajichagua yenyewe. Mwongozo huu umepangwa kwa utaratibu huo.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Mkaguzi huru si mwenye nyumba, si mpangaji, wala si mwajiriwa wa jiji. Mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayemlipa, lakini karatasi anayotia saini inakwenda kwa jiji, na usalama unaolindwa ni wa mpangaji ambaye hakumwajiri. Nguzo ya kazi nzima ni hiyo, na sifa zote utakazosoma hapa zimewekwa ili isianguke.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Kibali halali cha kufanya kazi Marekani na kitambulisho ambacho jina lake linalingana herufi kwa herufi na jina utakaloandikia mtihani.
- Kiingereza cha kuandikia ripoti. Si lazima kiwe cha madoido. Kinachotakiwa ni sentensi fupi inayosema kasoro ni nini, iko wapi na ina hatari gani.
- Afya ya kupanda ngazi siku nzima, kuinama chini ya sinki na kuingia kwenye vyumba vya chini vyenye giza.
- Tochi yenye mwanga mkali, futi ya chuma, kipima soketi, kipimajoto cha maji, kipima unyevu na ngazi ya kukunja. Simu yenye kamera nzuri inatosha kwa picha.
- Akiba ya kukuvusha miezi ya mwanzo, kwa sababu ada za mtihani, leseni na bima hulipwa kabla ya kazi ya kwanza kuingia.

Uzoefu wa ujenzi, umeme au ufundi bomba ni mtaji mkubwa, ila kwa njia nyingi si sharti.

Hatua ya 1: Chagua aina ya ukaguzi

Ukaguzi wa majengo ya kupangisha uko wa namna tatu hivi, na kila namna ina mlango wake.

*Ukaguzi wa leseni ya jiji.* Baadhi ya miji humtaka mwenye nyumba aandikishe jengo lake na kuleta cheti cha ukaguzi kila baada ya muda fulani. Seattle ni mfano mzuri. Mpango wake wa kuandikisha nyumba za kupangisha, unaojulikana kwa kifupi kama RRIO, ulianza kuandikisha majengo mwaka 2014, na kila jengo lililoandikishwa hukaguliwa angalau mara moja katika kila miaka 5 hadi 10. Mwenye nyumba anaweza kumtumia mkaguzi wa jiji au mkaguzi binafsi aliyeandikishwa na jiji. Nafasi yako iko kwa huyo wa pili.

*Ukaguzi wa sehemu maalumu ya jengo.* Juni 2015, roshani ya jengo la apatimenti mjini Berkeley, California, ilianguka na kuua vijana 6. Mbao zake zilikuwa zimeoza kwa ndani. Mwaka 2018 California ilipitisha sheria ya SB 721. Sheria hiyo inataka roshani, ngazi na njia za nje zinazobebwa na mbao, zilizo juu zaidi ya futi 6 kutoka ardhini, zikaguliwe katika majengo yenye nyumba 3 au zaidi. Tarehe ya mwisho ya ukaguzi wa kwanza ilisogezwa hadi 1 Januari 2026, na baada ya hapo ukaguzi hurudiwa kila miaka 6.

*Ukaguzi wa serikali kuu.* Nyumba zinazosaidiwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, hukaguliwa kwa viwango vinavyoitwa NSPIRE. Vilianza kutumika kwa nyumba za umma 1 Julai 2023, na kwa majengo ya watu binafsi yanayopata msaada 1 Oktoba 2023. Hapa huingii peke yako na mkoba wako begani. Unaingia kupitia kampuni yenye mkataba, na HUD ina mafunzo yake ambayo lazima uyapite.

Kama hujui pa kuanzia, chagua ya kwanza. Mlango wake ni mpana na kazi hujirudia. Ya pili inawafaa waliokwisha kujenga kwa miaka.

Hatua ya 2: Soma orodha ya sheria, neno kwa neno

Usisome muhtasari wa shule inayouza kozi. Fungua sheria yenyewe na utafute sehemu inayoeleza maana ya "mkaguzi mwenye sifa". Mara nyingi ni aya moja tu.

Tuchukue jimbo la Washington, lile la Seattle, si mji mkuu wa nchi. Sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji inakubali watu hawa: mkaguzi aliyethibitishwa na HUD, mkaguzi wa nyumba mwenye leseni ya jimbo, mkaguzi aliyethibitishwa na chama cha wakaguzi wa nyumba cha ASHI, mkaguzi binafsi mwenye cheti cha chama cha maofisa wa nyumba za umma cha NAHRO, cha chama cha watekelezaji wa kanuni cha AACE, au cha chama kingine cha hadhi hiyo kilichokubaliwa na jiji, ofisa wa kanuni wa manispaa, mhandisi wa miundo mwenye leseni ya Washington, na msanifu majengo mwenye leseni ya Washington.

Soma tena maneno "mwenye leseni ya Washington". Uhandisi uliosomea Nairobi, Kinshasa au Dar es Salaam ni elimu kamili, lakini peke yake haukuingizi katika orodha hii. Kwa wengi waliofika na shahada za ufundi, njia ya cheti ni fupi kuliko njia ya kuhamisha leseni ya uhandisi. Unaweza kuanza kufanya kazi kwa cheti huku ukishughulikia ile leseni polepole.

Orodha ya California chini ya SB 721 ni tofauti kabisa. Inakubali msanifu majengo mwenye leseni, mhandisi wa ujenzi au wa miundo mwenye leseni, na mkandarasi mwenye leseni ya daraja A, B au C-5 aliye na uzoefu usiopungua miaka 5 wa kujenga majengo ya ghorofa ya fremu za mbao. Inamkubali pia mtu aliyethibitishwa kuwa mkaguzi wa majengo na chama kinachotambuliwa, ilimradi haajiriwi na mamlaka ya eneo hilo wakati anapofanya kaguzi hizo. Mkaguzi wa nyumba wa kawaida hayumo, na California haina leseni ya jimbo ya wakaguzi wa nyumba. Kuna watu wametoa mamia ya dola kwa "kozi ya roshani" kisha wakakuta kozi haimo popote katika sheria.

Onyo: ukisoma orodha na usijione, usijipe moyo kwamba "watanielewa". Jiji halina ruhusa ya kukuelewa. Tafuta njia nyingine ndani ya orodha ileile.

Hatua ya 3: Chagua cheti kimoja ukikamilishe

Njia ya *leseni ya mkaguzi wa nyumba* ni ndefu lakini ina soko pana, kwa sababu inakuruhusu pia kukagua nyumba zinazouzwa. Washington inataka saa 120 za darasani, saa 40 za mafunzo ya vitendo chini ya mkaguzi mwenye leseni, na kufaulu mtihani. Mtihani wa kitaifa, NHIE, una maswali 200 na muda wa saa 4. Alama hutolewa kati ya 200 na 800, na anayefaulu ni yule aliyepata 500 au zaidi.

Njia ya *cheti cha mkaguzi wa matunzo ya majengo na makazi* kinachotolewa na baraza la kanuni la ICC ni fupi. Hakuna sharti la kozi kabla ya mtihani, unaruhusiwa kufungua kitabu cha kanuni, na unaweza kuufanyia nyumbani ukisimamiwa kwa kamera. Cheti huhuishwa kila miaka 3. Kizuri zaidi ni kwamba kanuni zinazotahiniwa ndizo zilezile ambazo miji mingi hutumia kukagulia nyumba za watu.

Ushauri wangu kwa anayetaka apatimenti hasa ni aanze na cheti cha ICC ikiwa jiji lake linakikubali, kisha aongeze leseni ya jimbo. Usianze vyote viwili pamoja. Utachoka katikati na usimalize hata kimoja.

Hatua ya 4: Jifunze vipimo, usikariri kurasa

Watu hufeli mtihani wenye kitabu wazi kwa sababu wanafikiri kitabu kitawajibia. Muda hautoshi kutafuta kila kitu. Weka vibandiko kwenye sura, na vipimo vifuatavyo vya kanuni ya kimataifa ya matunzo ya majengo viwe kichwani:

- Chumba cha kulala: eneo lisilopungua futi za mraba 70. Sebule: 120.
- Urefu wa dari wa vyumba vya kukaa: futi 7.
- Maji moto: yafike nyuzi 110 za Fahrenheit, yaani kama 43 za Selsiasi.
- Ngazi yenye vidato zaidi ya 4: lazima iwe na kishikio upande mmoja.
- Roshani au baraza iliyo juu zaidi ya inchi 30 kutoka chini: lazima iwe na kizuizi.

Ongeza dirisha la kutorokea moto la chumba cha kulala, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa mtu hutegemea futi yako. Kanuni za ujenzi mpya hutaka uwazi wa futi za mraba 5.7 (5.0 kwa dirisha lililo usawa wa ardhi), upana usiopungua inchi 20, kimo kisichopungua inchi 24, na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Jengo la zamani huweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo angalia orodha ya jiji kabla ya kuandika kwamba dirisha limefeli.

Hatua ya 5: Andikishwa na jiji na ukate bima

Cheti hakikupi ruhusa ya kuanza siku ileile. Seattle, kwa mfano, humtaka mkaguzi binafsi aandikishwe kwake na apite mafunzo ya mpango wake, hata kama ana leseni ya jimbo. Utahitaji pia leseni ya biashara.

Kuhusu bima, chukua mbili: ya dhima kwa jumla, endapo utavunja kitu au mtu ataumia kwa sababu yako, na ya makosa ya kitaaluma, endapo utapitwa na kasoro iliyomdhuru mtu. Hii ya pili ndiyo watu huiruka ili kubana matumizi, nayo ndiyo itakayotakiwa siku ya kesi.

Hatua ya 6: Linda uhuru wako kwa maandishi

Usikague jengo unaloishi, la ndugu yako, la mwajiri wako, wala unalotarajia kulitengeneza. Malipo yawe ya kazi ya ukaguzi, kamwe yasitegemee jengo kupita. Yaandike hayo katika mkataba wa ukurasa mmoja na mwenye nyumba atie saini kabla hujatoka nyumbani.

Hili si la adabu tu. Chini ya sheria ya Washington, anayewasilisha cheti cha ukaguzi cha uongo kwa kujua, au anayesaidia kukiwasilisha, ametenda kosa la jinai linaloweza kumtoza faini ya hadi dola 5,000. Jina lililo chini ya cheti ni lako, si la meneja wa jengo.

Hatua ya 7: Fanya ukaguzi wa kwanza

Hakikisha wapangaji wamepewa taarifa ya maandishi. Washington inataka angalau siku 2 kabla. Omba nakala ya taarifa hiyo. Usiridhike na "tumewaambia".

Kisha nyumba zitakazokaguliwa. Sheria ya Washington inaweka mipaka: jengo lenye nyumba 20 au pungufu, jiji huweza kuchagua hadi 4, lenye 21 au zaidi, hadi asilimia 20, zisizidi 50. Mipaka hiyo hudumu ikiwa ukaguzi wa mwanzo haukukuta hatari kwa afya au usalama. Ukikuta, jiji linaweza kudai nyumba zote zikaguliwe. Usikubali meneja akuchagulie nyumba. Atakupa zile zilizopakwa rangi wiki iliyopita. Nyumba za kukagua hutoka kwa jiji au kwa utaratibu wake.

Anza nje, uzunguke jengo, uingie korido na ngazi, ndipo nyumba. Ndani ya nyumba shika mkono mmoja wa ukuta uufuate hadi urudi mlangoni, na hutaruka chumba. Kila chumba: mlango, dirisha, kitambua moshi, soketi, dari, sakafu. Geuza kitambua moshi usome tarehe ya kutengenezwa. Kikipita miaka 10 kinatakiwa kubadilishwa hata kama kinalia ukikibonyeza. Jikoni na bafuni, pima soketi za GFCI, zile zinazokata umeme ukivuja. Fungua maji moto na uyapime. Kwenye hita ya maji, tazama vali ya kupunguza shinikizo na bomba lake; ukikuta mtu ameziba bomba hilo kwa sababu lilikuwa linadondosha, piga picha na useme palepale.

Hapa Kiswahili chako kina kazi. Katika majengo wanamoishi familia zilizotoka Kongo, Burundi au Somalia, mpangaji anaweza kuogopa kwamba umekuja kumtoa. Msalimie mama mpangaji kwa heshima, mwambie wewe ni nani, kwamba unakagua kuta na umeme na maji, si watu wala vitu vyake, na umwachie nafasi ya kukuonyesha kinachomsumbua. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani. Mara nyingi mama huyo atakupeleka moja kwa moja kwenye ukungu nyuma ya kabati ambao meneja hakuutaja, na huo ukaguzi utakuwa umefaa kitu.

Makosa ya kuepuka ukiwa ndani: kuahidi matengenezo (si kazi yako), kumwambia mpangaji asilipe kodi (si kazi yako pia), na kutamka kwamba rangi ina madini ya risasi. Majengo ya kabla ya 1978 huweza kuwa na rangi hiyo, lakini kuipima kunahitaji leseni nyingine. Andika "rangi inabambuka" na mahali ilipo, basi.

Hatua ya 8: Andika ripoti siku hiyohiyo

Kila kasoro iwe na mahali, picha, kipimo na kanuni inayohusika. "Ngazi mbovu" haimsaidii mtu. "Ngazi ya mashariki, kati ya ghorofa ya 1 na ya 2, vidato 9, haina kishikio" inamfanya fundi ajue aende wapi.

Muda wa kurekebisha hutofautiana kwa mpango. Katika NSPIRE, kasoro za kutishia maisha na zile kali hutakiwa kurekebishwa ndani ya saa 24, za kati siku 30, ndogo siku 60. Chini ya SB 721, mwenye jengo hupata ripoti ndani ya siku 45 baada ya ukaguzi. Ukikuta roshani ya hatari, mwenye jengo na mamlaka ya eneo hupewa nakala ya ripoti ndani ya siku 15 baada ya ripoti kukamilika. Gesi inayovuja haingoji ripoti yoyote: toka, watoe watu, na upige 911.

Ukikwama

*Nimefeli mtihani wa NHIE.* Subiri siku 30 ndipo urudie. Tazama matokeo yako kwa mada, usome ile iliyokuangusha, usirudie kitabu kizima.

*Sipati mkaguzi wa kunisimamia saa 40.* Wakaguzi wengi hukataa wakidhani unakuja kuwapora wateja. Tafuta shule inayouza darasa na mafunzo ya vitendo kwa pamoja, au mwombe mkaguzi wa mji mwingine.

*Mpangaji amekataa kunifungulia.* Usibishane mlangoni na usiingie kwa funguo za meneja huku amekataa. Andika saa na namba ya nyumba, mjulishe mwenye jengo na jiji, na upangiwe siku nyingine.

*Jiji limerudisha cheti changu.* Angalia kwanza namba za nyumba, fomu ya zamani na tarehe ya kuisha kwa leseni yako. Sababu huwa humo mara nyingi.

*Mwenye nyumba anataka nifute kasoro kwa kuwa ataitengeneza kesho.* Iache ilivyo. Akishatengeneza, rudi ukague tena na uandike tarehe ya ukaguzi wa pili chini ya ule wa kwanza.

*Nimehamia jimbo lingine.* Cheti cha ICC unahama nacho. Leseni ya mkaguzi wa nyumba huanza upya kwa masharti ya jimbo jipya, ingawa matokeo ya NHIE huweza kukubaliwa. Rudi hatua ya 2.

*Leseni imeisha bila kujua.* Acha kukagua siku hiyohiyo, hata kama una kazi umeshaahidi. Washington huhuisha leseni kila miaka 2 na hutaka saa 24 za masomo ya kujiendeleza katika kipindi hicho, kwa hiyo gawanya saa 12 kwa mwaka na utie tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda ya simu miezi 3 kabla. Vyeti ulivyotia saini baada ya leseni kuisha, liambie jiji mwenyewe kabla halijavigundua, ili majengo hayo yapangiwe mkaguzi mwingine haraka.